JICHO NALO LITAULIZWA

Vijana wetu wa Mwambao waendao Nairobi kwa kazi na masomo hutuuliza: Je, yafaa Mwislamu kuingia katika nyumba ziwekwamo picha na sanamu za wasanii wa zama hizi, akazitazama?

Twasema, na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu: wanavyuoni wamehitilafiana. Wengi walizikataza sura za viumbe wenye roho kwa hadithi zilizopokewa, hasa sanamu zenye kivuli. Ama Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, aliyefariki mwaka 1905, alipozuru Sicily akaona jinsi watu wa huko walivyozihifadhi picha zao, aliandika katika al-Manar kwamba makatazo yale yalihusu zama za kuabudu sura. Na hatari hiyo ikiondoka, picha ni chombo cha kuhifadhi elimu. Gazeti hilo ndilo lililoathiri fikra za Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha al-Islah Mombasa mwaka 1932. Nasi hatumlazimishi mtu rai moja.

Lakini liko suala la pili ambalo hatuulizwi, nalo ni zito zaidi: aliyekwisha kutazama, yampasa nini?

Zingatieni Eneo la Viwanda la huko huko Nairobi. Katika Barabara ya Dunga, ghala kuukuu liligeuzwa mwaka 2003 kuwa makao ya wasanii, yakaitwa GoDown. Na pembezoni mwa viwanda hivyo, katika mabanda ya Mukuru upande wa Lunga Lunga, lilizaliwa kundi la wasanii liitwalo Wajukuu, wafundishao watoto wa mtaa kuchora. Mwaka 2022 kundi hilo lilialikwa Kassel, Ujerumani, katika maonyesho makubwa ya documenta. Wakaufunika mlango wa jumba kwa mabati yenye kutu, mfano wa nyumba za kwao, na wageni wakaingia kwa kupita humo. Wakatunukiwa tuzo ya Arnold Bode.

Basi tazameni ajabu hii! Bati lililo juu ya kichwa cha kibarua wa Mukuru, watu hulipita wakigeuza nyuso. Mfano wake ukiwekwa jumbani, huulipia kiingilio. Kosa si la wasanii, kwani wao wametoa ushahidi. Kosa ni la jicho litoshekalo na kustaajabu.

Qurani yatufundisha kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Aliyeiona picha ya dhiki amekwisha kusikia ushahidi, na hana tena udhuru wa kusema hakujua. Wala sisi tusijidhani tumesalimika kwa kuwa kuta zetu hazina sura. Mwenye kujivunia mlango wa nakshi, na fundi aliyeuchonga angali akidai ujira wake, huyo ameitukuza kazi ya mkono na kuudharau mkono wenyewe.

Basi mwenye kuona yafaa, na aende kwa adabu, wala asipitwe na sala. Na atokapo, awatazame wale walio nje ya mlango kama alivyozitazama picha, na mkono wake ufuate jicho lake. Na mwenye kuona haifai, asiende. Lakini asidhani kuwa kulifumbia picha jicho kumemwondolea faradhi ya kuwatazama watu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.