Kabla Desemba Haijafika

Likizo ya Desemba wavulana wetu huingia jandoni. Kwetu Wakisii tohara ni ya tangu jadi. Majirani wetu Waluo kwa desturi hawakutahiri; wao waling'oa meno. Kisha utafiti mmoja uliofanywa Kisumu, uliositishwa Desemba 2006 kwa kuwa jibu lilishaonekana, ukathibitisha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke, kwa takriban asilimia 60. Mwaka 2008 serikali ikaanza kuitoa bure Nyanza.

Lakini mzazi mwenzangu, 60 si 100. Mwanao akikua, mweleze kuhusu kondomu na kupimwa, usimwachie mtaa. Na wembe mmoja, nakusihi, usipite kwa wavulana wawili.