Utii Usio na Mwenyewe

Jioni moja baada ya khitma ya jamaa yetu, sahani za pilau zilipokwisha kuondolewa na kahawa ikizunguka, mazungumzo yaliangukia Iran, na kaka yangu, mtu wa sala tano na mkono wazi, ambaye sijapata kumsikia akimtukana mtu, alimtaja yule binti wa Kikurdi aliyefia Tehran akasema kwa huruma ya kweli: “Dada yangu, lakini si kitambaa tu? Angelikivaa kama walivyotaka, leo angelikuwa kwao.” Wote waliokuwapo wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimeshika sinia ya vikombe, nikaiweka chini, na jibu halikunijia; nalo limekuwa likinijia usiku kwa usiku tangu siku ile.

 

Binti mwenyewe, Mahsa Amini, ambaye jamaa zake wa Saqqez walimwita Jina, alikuwa na miaka 22 alipokamatwa na doria ya maadili tarehe 13 Septemba 2022, kwa madai kwamba hakujifunika ipasavyo. Siku ya tatu yake akafa hospitalini. Serikali ilisema ni maradhi, wazazi wake wakakanusha, na tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ikakata kauli mwaka 2024 kwamba alifishwa na ukatili wa kimwili. Siku ya maziko yake wanawake walivua mitandio yao pale pale makaburini.

Basi na tuipime hoja ya udogo. Ikiwa jambo ni dogo, ni dogo kwa pande zote mbili, na wa kwanza kuulizwa kwa nini hakuliacha lipite ni yule mwenye bunduki, mahakama, gereza na gari la doria, wala si msichana aliyekuja mjini na ndugu yake. Mwaka 1983 sheria ya nchi ile iliweka viboko 74 kwa mwanamke atokaye bila ya hijabu, na hapana mtu aketiye akahesabu viboko 74 kwa ajili ya kitu asichokijali. Desemba 2017 Vida Movahed alipanda juu ya kisanduku cha mitambo kando ya Barabara ya Enghelab, maana yake Mapinduzi, akafunga mtandio wake mweupe kwenye kijiti, akaushika mbele ya wapita njia bila ya kusema neno wala kumgusa mtu, na kwa kimya kile akatiwa mbaroni. Na wakili Nasrin Sotoudeh, aliyewatetea wanawake waliomwiga Movahed, alihukumiwa mwaka 2019 kifungo cha miaka 38 na viboko 148. Kaka yangu na aniambie kitambaa hicho kimefumwa kwa uzi gani hata kikawa kizito kiasi hiki mkononi mwa dola na chepesi kiasi kile kichwani mwa mwanamke.

Tena hoja ile ina uozo wa ndani zaidi. Tunafundishwa chuoni, kabla hatujajua kutia udhu vizuri, kwamba ibada haisimami bila ya nia, na aya ya 256 ya Sura ya Al-Baqara, inayokataa shuruti katika dini, huhifadhiwa na watoto wadogo. Mwanamke wa Tehran ajifunikaye kwa imani yake, kwa mapenzi yake na Mola wake, ameibiwa na amri ile zaidi ya huyu aivuaye hijabu: kwani nani atakayejua kwamba ucha Mungu wake si woga? Si jirani, si askari, na labda hata yeye mwenyewe, saa ya kujitazama kiooni. Utii wake hauna mwenyewe tena. Na mkono uliofanya hivyo si mgeni, maana mwaka 1936 Reza Shah aliwapiga marufuku wanawake wa nchi ile ile wasijifunike, askari wake wakawavua njiani kwa nguvu, na wengine wakajifungia majumbani ili wasionekane. Machi 1979, baada ya mapinduzi, wanawake walipoandamana Tehran kukataa kulazimishwa kujifunika, hata Ayatollah Taleghani, mmoja wa viongozi wa mapinduzi yale, alisema hadharani kwamba hapana shuruti.

Wapo wasemao kwamba mataifa ya Magharibi huyafanya machozi ya wanawake hawa kisingizio cha vita vyao, na kwamba nchi nyingi zina sheria za staha. Yote mawili ni kweli, wala sina ugomvi nayo.

Huku kwetu Unguja nguo hiyo ina habari nyengine, nami sichoki kuisimulia. Mjakazi hakuachiwa kujifunika kama mwungwana, kwani kichwa kitupu kilikuwa alama ya kumilikiwa. Utumwa ulipofutwa mwaka 1897, masuria wakiachwa nje mpaka 1909, wanawake walioachwa huru walijitanda kanga, na baadaye buibui, ili kila aonaye ajue kwamba hawana tena bwana. Buibui la bibi yangu, lile la zamani la kufungwa kwa kamba kichwani, bado limo sandukuni na harufu ya udi. Nililikunjua juzi nikaona kamba imelika mahali pamoja tu, pale vidole vyake vilipokuwa vikipiga fundo.

Fundo lile alilipiga mwenyewe. Lakini hapo fikira zangu hukwama, maana binti yangu alipokuwa na miaka saba nilimbana ushungi kwa pini chini ya kidevu, asubuhi ya kwanza ya chuo, naye akilia, wala sikumwuliza. Mzazi si dola, na mimi sikuwa na gereza. Hata hivyo sijui nia yake ilizaliwa lini, ikiwa ilizaliwa, wala ni umri gani amri ya mama hukoma kuwa malezi. Mwaka huu nilimwuliza. Alinyamaza kitambo, akasema hakumbuki kwamba alilia, kisha akainama akaendelea kumbana mwanawe pini.