Sindano, Samaki na Riziki ya Mdarizi

Ndugu msomaji, liko swali ambalo akina mama wanaodarizi kwa mkono katika miji yetu ya pwani hukutana nalo kila mteja anapoleta oda ya mito, mapazia au vitambaa vya meza. Mteja anataka bahari. Anataka mwani, matumbawe na mawimbi, lakini anataka pia kasa, pomboo na samaki wa rangi rangi. Je, Muislamu anayeishi kwa sindano yake aipokee oda hiyo au airudishe?

Wapo watakaosema kuwa hilo ni jambo dogo na Umma una makubwa zaidi ya kujadili. Lakini kwa mama ambaye ada ya shule na unga wa jioni vinatoka katika uzi huo, si dogo hata kidogo.

Tuanze na lililo wazi. Kuchora au kudarizi mimea wanavyuoni walio wengi wameruhusu. Msikiti Mkuu wa Damascus, uliojengwa na Bani Umayya mwanzoni mwa karne ya nane Miladia, una kuta zilizopambwa kwa miti, mito na majumba ya kupendeza, na humo hamna mtu wala mnyama. Viua vya kofia zetu za mkono vinafuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo asiyedarizi samaki hakunyimwa sanaa. Ana bustani nzima mbele yake.

Ugumu uko kwa viumbe wenye roho. Mtume (S.A.W.) amewaonya vikali wenye kutengeneza picha zao. Imepokewa kuwa Bi Aisha (R.A.) alitundika pazia lenye picha, Mtume akachukizwa nalo, likakatwa na kufanywa mito. Lakini katika hadithi ya Abu Talha (R.A.) umetajwa msamaha kwa nakshi iliyo katika nguo. Hapo ndipo wanavyuoni walipotofautiana. Wapo, hasa miongoni mwa Wamaliki, walioona kuwa picha isiyo na kivuli, kama ya kitambaa, inachukiza tu na haifikii haramu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ambaye vitabu vyake vya fiqhi ya Shafii vinasomwa sana katika mwambao wetu, amesema kuwa nakshi iliyosamehewa ni ya miti na mfano wake, si ya wanyama.

Asije mtu akadhani kuwa suala hili limeletwa na watalii. Katika milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, Zanzibar, samaki wamo pamoja na maua na minyororo. Mwenye kauli kali na ajue hilo kabla hajanyoosha kidole.

Mimi naona usalama uko katika kauli ya Imam Nawawi. Hata hivyo, bahari si samaki peke yake. Jibril (A.S.) alimwelekeza Mtume kuwa sanamu likatwe kichwa ili libaki kama mti. Kumbe jambo la kutazama ni umbo lenye kichwa na uso. Wataalamu wa bahari wanatwambia matumbawe ni wanyama wadogo wanaoishi kwa makundi, lakini jicho linaona matawi tu. Kiti cha pweza hana kichwa wala uso. Ukiongeza mwani, majani ya bahari, mikoko na makombe matupu, mdarizi ana kazi ya umri mzima bila kumgusa kasa. Na anayeyakodolea macho matumbawe siku tatu ili ayapate sawasawa kwa uzi hashindani na Muumba. Anajifunza jinsi asivyoweza kushindana Naye.

Sasa tulifikie lile tunalolikwepa. Kwa mujibu wa kauli hiyo hiyo ya Imam Nawawi, picha iliyo katika kitu cha kukaliwa au kukanyagwa, kama mto na busati, mwenye kuitumia hana lawama, lakini aliyeitengeneza lawama yake iko pale pale. Tazama basi mzigo unavyogawanyika: anayeukalia mto amepewa nafasi, anayeudarizi hakupewa. Tukimwambia mama arudishe oda, anayelipa gharama ya ucha Mungu huo ni yeye peke yake. Sisi tunaotoa nasaha hatupungukiwi na senti.

Na je, tunamfidiaje? Kofia ya mkono humchukua mshonaji wiki kadhaa, nyingine miezi. Nasi tunakwenda sokoni tunachukua ya mashine iliyotoka China kwa kuwa ni rahisi, kisha Ijumaa tunakaa kibarazani kuwalaumu wanaodarizi pomboo. Huo si uadilifu.

Tuna mfano ulio bora. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.), akamweleza kuwa riziki yake inatokana na mkono wake, naye anatengeneza picha. Ibn Abbas alimfikishia onyo la Mtume bila kulipunguza, mpaka yule mtu akabadilika rangi. Lakini hakumwacha hapo. Alimwelekeza kwenye miti na kila kisichokuwa na roho. Alifunga mlango mmoja, akafungua wa pili, kwa sababu alijua anazungumza na mtu mwenye tumbo.

Basi mwenye kumkataza dada yake asidarizi kasa, na awe wa kwanza kununua mwani wake, kwa bei inayolingana na kazi. Wenye maduka waulizie nakshi za mimea. Wenye harusi waagize mito ya matumbawe. Na anayefuata kauli nyingine ya wanavyuoni tumshauri kwa upole, bila kumtoa katika safu yetu. Katazo lisilo na mlango wa pili, mnyonge hulisikia kama adhabu.

Wallahu a'alam.