Kafili Asiye na Kafili

Masomo: Yohana 1:1–14, Waefeso 2:1–10



Sisi tunaokaa Khuwair ya Kusini huulizwa habari za Utatu kwa Kiswahili kizuri kuliko chetu. Baadhi ya majirani zetu ni Waomani ambao wazazi wao waliishi Unguja na Pemba, wakaja huku baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Bibi wa nyumba ya pili huleta halua, huuliza hali za watoto, kisha kwa upole kabisa husema: "Hivi wenzetu, Mungu mmoja anakuwaje watatu? Na Mungu huzaa?" Wengi wetu hucheka kidogo tukageuza mazungumzo. Ibada zetu zina viwanja vyake, Ruwi na Ghala, na sheria za nchi kuhusu kuhubiri tunaziheshimu. Lakini jirani aliyetuuliza tunaamini nini anastahili jibu, siyo kicheko.

Wengine wetu, tuliokulia karibu na vipaza sauti vya mihadhara ya Dar es Salaam na Mombasa miaka ya 1980 na 1990, tulijifunza kujibu kwa kurushiana aya. Mihadhara ile ilitufundisha kushinda, haikutufundisha kwa nini jambo lenyewe lina uzito. Tena tulikuwa tunakimbilia yale maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni katika 1 Yohana 5:7. Wapendwa, tuyaache. Hayamo katika nakala za kale kabisa za Kigiriki, na Biblia nyingi za sasa huyaweka pembeni au kwenye mabano. Imani yetu haikusimama juu yake.

Turudi kwa bibi. Kama kuzaa maana yake ni mume na mke na miezi tisa, basi sisi tunakataa pamoja naye, na Kanisa lilikwisha kukataa kabla ya sisi sote. Ubishi kuhusu Mwana ulianza ndani ya nyumba yetu wenyewe, na mkali kuliko yote uliwaka Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 300 kasisi wa Aleksandria ya Misri, aitwaye Arius, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe: wa kwanza, mkubwa kuliko malaika wote, lakini kiumbe, na kwamba kulikuwa na wakati hakuwako. Hakuwa mhuni. Alikuwa mtu wa kujinyima, msomaji wa Maandiko, na wanahistoria wa kale wanasema mafundisho yake yalitiwa kwenye nyimbo za mabaharia na wasaga nafaka. (Wanakwaya, tuyapime maneno ya nyimbo zetu kabla ya kupima sauti.) Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nikea, mji ambao leo ni Iznik, Uturuki, nao wakakiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, kwamba kuzaliwa kwake si kuumbwa. Kuzaliwa huko hakuna mama wala siku wala saa. Ni kama mwanga utokao kwenye jua: jua halikuwahi kuwako bila mwanga wake.

Athanasius, aliyehudhuria akiwa shemasi na baadaye akawa askofu wa Aleksandria, alifukuzwa mara tano kwa ajili ya jambo hilo, akakaa ugenini jumla ya miaka kama 17. Sisi tunaojua ugeni ni nini tuna haki ya kuuliza: neno moja lina thamani ya miaka 17 mbali na nyumbani?

Alichokiona ni hiki. Sote hapa tunajua kafili ni nani. Dada anayefanya kazi za nyumbani, hata awe mwaminifu namna gani, hata akae miaka ishirini, hawezi kumfanyia mwenzake ukafili, kwa sababu karatasi zake mwenyewe ziko mkononi mwa mtu mwingine. Atamlilia mwenzake, atamchangia nauli, atamwombea. Kumsimamia hawezi. Kristo wa Arius ni huyo: mwenzetu mkubwa, mwenye viza ndefu kuliko zetu zote, lakini naye yuko kwa viza. Kiumbe hakiwezi kumfikisha kiumbe kwa Mungu, maana nacho kinaishi kwa kukirimiwa. Ndiyo maana Yohana haanzii Bethlehemu. Anaanzia kabla ya vyote, kwa Neno aliyekuwa Mungu, kisha anatuambia huyo huyo akawa mwili.

Mfano huu tusiuvute mbali. Kafili wa dunia anakuita kwa sababu anaihitaji kazi yako, na mkataba ukiisha mnaagana. Mungu hakuwa na upungufu wa watumishi. Paulo anawaambia Waefeso walikuwa wafu, na mfu hasaini mkataba. Na hapa ndipo tunapoumia sisi wenyewe, si Arius. Tumezoea kuishi kwa mkataba na kutuma pesa kila mwisho wa mwezi, mpaka tunamhesabia Mungu vilevile: tumefunga siku 21, tumetoa fungu la kumi kwa riali, mbona mtoto bado hajapata kazi? Hayo ni madai ya mshahara. Neema haidaiwi.

Mwezi uliopita dada mmoja wa kundi letu alituuliza akilia kama mama yake, aliyezikwa kijijini mwaka jana, alibatizwa bure. Mhubiri mmoja alimwambia kwamba ubatizo kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu si kitu, na asiyebatizwa kwa jina la Yesu peke yake amepotea. Watu hao hushika Matendo 2:38 wakaiacha Mathayo 28:19. Husema Baba, Mwana na Roho ni Nafsi moja yenye majina matatu, na hilo nalo si jipya: Sabellius alilifundisha Roma miaka ya 200. Sisi wenyewe huwapa watoto mfano wake bila kujua, tunaposema mwanamke mmoja ni mama, ni mke, ni nesi. Je, Gethsemane Yesu alimwomba nani? Nesi hamwombi ruhusa mama aliye ndani ya mwili uleule. Mafiga matatu nayo tuyaache jikoni, maana ni mawe matatu kweli, na hapo bibi wa jirani atakuwa na haki.

Kwa dada yetu tulijibu hivi: anayeokoa si jinsi mchungaji alivyotamka. Mama yako aliwekwa mikononi mwa Baba aliyemtuma Mwana, kwa Roho aliyemfundisha kuomba. Mhubiri anayeugeuza ubatizo kuwa mtihani wa maneno ameugeuza wokovu kuwa kazi yetu tena.

Sisi tunaofanya kazi wodini tumekaa usiku na waumini walio kwenye mashine ya kupumulia. Hawaimbi, hawatoi sadaka, hata jina la Yesu hawawezi kulitamka. Tumewageuza ubavu, tumewafuta midomo, tukajiuliza wamebakiwa na nini. Kama wokovu ni juhudi, saa hiyo umekatika. Kama aliyewashika ni kiumbe mwenzao, hata mkubwa, naye anashikwa na mwingine. Tunawaombea kwa sauti ya chini kwa sababu tunaamini aliyewashika hashikwi na mtu.

Ijumaa ijayo kuna ubatizo wa watoto wanne. Wazee wa kanisa wamekubaliana: waliobatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, popote walipobatizwa, hawatabatizwa tena, hata wakiomba kwa hofu. Wenye hofu waje nusu saa kabla ya ibada, tuzungumze. Wenye zamu ya usiku tutaonana nao Jumapili jioni baada ya kazi.