Kopi ya gemu ni wizi?

Kijana mwenzangu, mwanzoni mwa 2013 Sony ilithibitisha kwamba haitengenezi tena PlayStation 2. Sasa diski yako ya gemu ikikwaruzika, ukiwa huku Mitole utaipata wapi nyingine? Kuinakili mapema kwenye kompyuta, kwa matumizi yako, sioni kama kunavunja amri ya saba: ulishailipia, na kopi inatunza kile kile ulicholipia. Utata unaanza siku unapomuuzia rafiki diski halafu kopi inabaki kwako. Gemu moja, wamiliki wawili, malipo ya mmoja. Ukiuza, futa. Na kama diski yenyewe ilichomwa mtaani (ziko nyingi, tusidanganyane), kuitunza vizuri hakuifanyi iwe halali. Ila aliyeinunua bila kujua simwiti mwizi. Swali lake ni kama atawachomea na wengine.