Nyumba Iliyobaki Karatasini

Twauliza: mtu akichora nyumba kubwa asiijenge, amkosea nani? Wengi hujibu kwamba hamkosei mtu, maana karatasi haiumizi. Sisi hatukubali upesi hivyo.

Katika nchi ya Uholanzi alikuwako bibi tajiri, Helene Kröller-Müller, aliyetaka jumba la shamba karibu na Wassenaar. Mwaka 1912 kijana Mies van der Rohe, ambaye baadaye alisifiwa duniani kwa majumba yake, alimchorea. Wakasimamisha mfano kiwanjani kwa mbao na turubai, ukubwa ule ule wa jumba lenyewe! Wakautazama, na jumba lile halikujengwa kamwe. Hapo twakiri hakuna aliyedhulumiwa. Kiwanja kilikuwa chao, na fedha zao. Wala hapakuwa na maskini aliyengoja.

Lakini tutazame Dodoma. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliazimu makao makuu yahamie huko, ikaundwa Mamlaka iliyoitwa CDA. Mwaka 1976 wataalamu wa Toronto, Kanada, walitoa ramani ya mji, na katika miaka ya 1980 James Rossant wa New York akachora kitovu chake. Kitovu kile hakikujengwa kama kilivyochorwa. Serikali ilipohama kweli, baada ya mwaka 2016, mji wa wizara ulisimamishwa Mtumba. Walakini ramani ile ilikuwa na nguvu juu ya udongo. Mtu hakujenga apendapo, na hati ya kiwanja ilikuwa ya miaka 33 tu. Ugomvi wa viwanja ukazidi, hata CDA ikavunjwa Mei 2017. Wachoraji hatuwalaumu, kazi yao ilikuwa kuchora. Twasema tu kwamba mchoro ukishika ardhi ambayo wengine waitazamia, si ndoto tena, umekuwa deni.

Na kwetu Same je? Kijana aliyeko Dar es Salaam huleta ramani ya ghorofa, akapiga vigingi katika shamba la ukoo, mahali pazuri chini ya ndiva ambapo maji hufika. Miaka hupita. Mama yake halimi pale, kwa kuwa ni “kiwanja”. Mdogo wake hathubutu kuomba. Zamu ya maji ikifika, maji hupita kando ya vigingi.

Huyu hakusema uongo, maana siku ile alikusudia kweli. Kosa halikuanza siku ya kuchora. Lilianza siku alipojua moyoni kwamba hatajenga, akanyamaza. Naye hunyamaza kwa haya, kwa kuwa kung'oa kigingi mbele ya majirani ni kutangaza umaskini wake. Haya hiyo twaifahamu, wala hatuicheki. Lakini mama ndiye aliyekosa mahindi.

Basi wazee wa ukoo na wamwandikie kwa upole, wamwombe ruhusa ya kupanda kati ya vigingi, pasipo kung'oa hata kimoja. Akirudi na saruji, wangoje mavuno, kisha aanze msingi.