Kiraka na Lawama

Nguo ya marehemu ina hatia gani? Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera, katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Huko Bukoba ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo ya magendo kutoka Uganda. Kitambaa kikatwikwa lawama, ilhali maradhi hayo hayaambukizwi kwa nguo. Mwaka 1987, San Francisco, wafiwa walianza kushona blanketi la viraka lenye majina ya wapendwa wao, kila kipande futi 3 kwa 6, kadiri ya kaburi. Kitambaa hakina dhambi wala thawabu. Mkono ukishikao ndio uhukumiwao. Akitupaye kwa hofu humzika marehemu mara ya pili. Akiungaye na vya wenziwe humrejesha kati ya watu.